Jeshi la pikipiki sita



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu na vijana wetu wanafunzi, ukurasa huu umezoea habari za ndoa, malezi na masomo. Leo mniwie radhi, nataka kuwasimulia habari za pikipiki. Si zile za Bujumbura mnazozijua, zenye honi na vumbi. Hizi ni za plastiki, unaweza kuziweka mbili kwenye kiganja, na hazijawahi kubeba abiria. Lakini usiku mmoja wa Novemba 2023 nilisimama jikoni kwetu hapa Nottingham, Uingereza, mkono mmoja nimeshika mfuko wa takataka na mkono mwingine sanduku lenye pikipiki tisa kama hizo, na mwanangu amesimama mlangoni ananitazama bila kusema neno.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mwanangu huyu ni wa pili, wakati huo alikuwa na miaka 13. Tulikuwa tumehama mtaa, akabadilisha shule katikati ya mwaka, na wazazi mnaoishi ugenini mnajua mtoto wa umri huo akihamishwa anakuwaje. Alikuwa anarudi, anasalimia, anakula, anapanda chumbani. Ukimuuliza shule ikoje anakujibu, "Nzuri." Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye ghala, mchana nalala, kwa hiyo kusema kweli hata hilo "nzuri" nilikuwa nalisikia mara moja moja. Mama watoto ndiye aliyeniambia kwamba kila Alhamisi kijana anachelewa kurudi, eti kuna klabu shuleni, wanacheza mchezo wa mezani.

Alhamisi moja alinikuta nimeamka, nakunywa chai. Akakaa, akaniuliza, "Baba, ni kweli wewe ulikuwa unaendesha pikipiki?"

Nilikaribia kumwaga chai. Nikamwambia ni kweli. Kabla ya kuja huku nilikuwa dereva wa taksi-moto, nachukua abiria Buyenzi nawapeleka soko kuu la zamani, lile lililoungua Januari 2013, na kurudi. Baba yake mdogo bado anaifanya kazi hiyo mpaka leo, ingawa tangu Machi 2022 serikali ilipozuia pikipiki kuingia katikati ya jiji anazunguka pembeni tu. Kijana akatoa mfukoni kitu kimefungwa kwenye karatasi ya chooni, akakifungua taratibu kama mtu anayefungua yai. Alikuwa askari wa kijivu mwenye mavazi ya chuma amepanda pikipiki nene, magurudumu kama ya trekta. Mwenzake wa klabu alikuwa amemwazima. Akaniuliza, "Hii ingeweza kukata kona?"

Nikaitazama. Nikamwambia, kwa uzito ule, labda akipunguza mwendo mapema sana. Tukaongea nusu saa. Wallahi, kwa miezi minne hatukuwa tumeongea nusu saa.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe unaitwa Warhammer 40,000. Ulitoka mwaka 1987, na kampuni inayoutengeneza, Games Workshop, ilianza London mwaka 1975 lakini makao yake makuu sasa yako hapa hapa Nottingham, sehemu inaitwa Lenton. Ni hadithi ya kubuni ya vita vya angani miaka elfu nyingi ijayo. Huchezwi kwenye skrini, na hilo ndilo lililomfanya mama watoto aulegezee moyo tangu mwanzo. Unanunua vipande vya plastiki, unavikata, unavigundisha, unavipaka rangi mwenyewe, kisha wachezaji wawili wanapanga majeshi yao juu ya meza yenye majengo ya maboksi na mawe. Kila askari ana mwendo wake unaopimwa kwa inchi kwa kutumia futi ya fundi. Kila mmoja anasogeza, analenga, anashambulia, na dadu zinaamua nani amepiga na nani amekosa. Baada ya raundi 5 mnahesabu pointi.

Hapo penye dadu ndipo na sisi tuliposimama. Na penye vijisanamu pia, maana nyumba yetu ni ya watu wanaoswali sebuleni. Nilikwenda kumuuliza shekhe wa msikiti wetu. Aliniuliza kwanza kama kuna pesa inayowekwa mezani, na kama swala zinapita. Akanieleza kwamba katika Sahih Muslim kuna hadithi inayokemea nardashiri, mchezo wa Waajemi wa kale, na kwamba kwa sababu hiyo wako wanachuoni wanaokataa dadu kabisa hata bila kamari, na wako wanaotazama kamari yenyewe. Kuhusu vijisanamu akanikumbusha wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.) na maneno ya wanachuoni juu ya vitu vya watoto. Jibu alilonipa mwishoni lilikuwa la nyumba yangu, sitaki kulifanya la nyumba zenu. Kila mtu amuulize shekhe wake.

Nyumbani tuliamua hivi. Askari wakimaliza kuchezewa wanarudi sandukuni, hawakai kwenye rafu kama mapambo. Na dadu hatutumii. Mama watoto ni fundi cherehani, ana debe la vifungo, akachagua vifungo 60 vya shati vilivyolingana, kijana akaandika namba kwa kalamu, 1 mpaka 6, kila namba vifungo kumi. Vikatiwa kwenye kofia yangu ya Ijumaa. Ukitakiwa kurusha dadu 12 unachota vifungo 12 bila kutazama. Nilidhani watoto wenzake klabuni watamcheka. Mmoja tu alicheka, tena kwa muda mfupi, kisha akaomba na yeye achote kwenye kofia, maana alikuwa na bahati mbaya na dadu zake.

Basi, likaja suala la jeshi gani. Mwanangu alishachagua siku nyingi. Kuna askari wanaoitwa White Scars, wana mavazi meupe na alama ya radi nyekundu, na waandishi wa mchezo waliwabuni wakiwatazama Wamongolia wa zamani. Kiongozi wao wa hadithi anaitwa Jaghatai Khan. Wao hawapendi kutembea kwa miguu, wanataka kupanda kitu na kwenda mbio. Pikipiki zao za aina ya Outrider, zilizotoka mwaka 2020, huuzwa tatu kwenye boksi moja, na boksi moja lilituchukua zaidi ya pauni 30. Kwa mshahara wa ghala hizo ni saa kadhaa za kunyanyua maboksi usiku. Tukakubaliana: boksi moja kila baada ya miezi miwili, nusu natoa mimi, nusu anatoa yeye kwenye pesa zake za Idi na za kumsaidia jirani kukata majani.

Boksi la kwanza tulilijenga pamoja, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba jeshi la mbio halijengwi kwa mbio. Unakata kipande kwenye fremu yake kwa koleo dogo, unakwangua alama iliyobaki kwa kisu, unajaribu kama kinaingia kabla ya kupaka gundi. Gundi yake inayeyusha plastiki kidogo ili vishikane, kwa hiyo ukikosea unakosea moja kwa moja. Dereva hugundishwi juu ya pikipiki mapema. Unamwacha pembeni ili brashi iweze kufika kwenye tangi na kwenye injini, kisha mwishoni ndipo anapandishwa. Sisi la kwanza tulimgundisha, na mpaka leo dereva yule ana tangi la kijivu chini ya tumbo. Halionekani, lakini sote wawili tunajua lipo.

Halafu rangi nyeupe. Ndugu zanguni, rangi nyeupe ina inda. Ukiipaka nzito inakauka kama chokaa ya ukuta, ina mabonge, inaziba mistari yote midogo. Ukiipaka nyepesi mara moja, cha chini kinaonekana. Kijana alipaka ya kwanza kwa siku moja kwa haraka ya kwenda nayo Alhamisi, ikawa kama imemwagiwa uji. Tukaiosha. Mwenzake mmoja akamfundisha: anza na kijivu hafifu, si nyeupe. Ongeza maji kidogo kwenye rangi, paka tabaka jembamba, subiri likauke kabisa, paka jingine, mara tatu, mara nne. Penye mikunjo weka kijivu cha maji maji kiingie chenyewe. Nyeupe yenyewe halisi unaiweka mwisho kabisa, kwenye kingo tu na sehemu zinazopigwa na mwanga. Jicho ndilo linalomaliza kazi, linadhani pote ni peupe. Pikipiki tatu zilituchukua wiki tano.

Kwenye uchafu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Alitaka kupaka matope kila mahali ili zionekane zimetoka vitani. Nikamwambia hapana, vumbi la pikipiki lina adabu yake. Gurudumu la mbele linarusha kwenye injini na kwenye muundi wa dereva. La nyuma linarusha nyuma, kwenye mgongo. Kifua cha dereva kinabaki kisafi kuliko mgongo wake, muulize mwanamke yeyote wa Bujumbura aliyefua mashati ya dereva wa moto. Tukachukua kipande cha sponji, rangi ya udongo mwekundu, tukagusa gusa mahali panapostahili. Nilimwambia rangi ile ni ya barabara ya Gatumba wakati wa kiangazi. Akaniuliza Gatumba iko wapi, nikamchorea ramani nyuma ya bahasha, na ziwa Tanganyika nikaliweka.

Alimtumia baba yake mdogo picha ya pikipiki tatu za kwanza. Jibu likarudi: "Nzuri sana, lakini mbona hakuna pa kukalia abiria? Watakula nini hawa?"

Likizo fupi ya Oktoba nikampeleka huko Lenton, kwenye jengo la wenye mchezo, wanaliita Warhammer World. Nje kuna sanamu kubwa ya askari yule yule, ndani kuna maonyesho ya vita vilivyojengwa kwa maelfu ya vijisanamu, na ukumbi wa meza za kuchezea. Mgahawa wa ndani unauza pombe, tukala sambusa zetu nje kwenye baridi. Kijana alisimama mbele ya kioo kimoja kwa muda mrefu mpaka nikadhani amelala wima.

Kufikia Novemba alikuwa na pikipiki tisa. Hapa msomaji makini ameshahesabu. Boksi moja kila miezi miwili. Pikipiki tisa ni maboksi matatu. Tulistahili kuwa na mawili. Mimi sikuhesabu. Nilikuwa naamka jioni, naona meza imejaa, nafurahi, naenda kazini.

Mechi yake ya kwanza kubwa ilikuwa wiki hiyo hiyo, na alifungwa vibaya. Mwenzake ana jeshi la Necron, mifupa ya chuma, wengi wao wanatembea inchi 5 tu kwa zamu, lakini ukiwaangusha kuna wanaoinuka tena. Pikipiki zinakwenda inchi 12, na kwa sheria za toleo la 10 lililotoka mwaka 2023, ndilo tulilocheza sisi, zikiamua kukimbia zinaongeza 6, zinafika 18. Tena kuna mpangilio wa jeshi unaoitwa Stormlance Task Force ambao unaziruhusu kushambulia zamu ile ile zilipokimbia, na vile vile zamu ile ile zilipojitoa kwenye mapigano, mambo ambayo kikosi cha kawaida hakiruhusiwi. Mwanangu akafanya kile ambacho kila kijana mwenye pikipiki mpya angefanya. Raundi ya kwanza, zote tisa, moja kwa moja, katikati. Akavunja safu ya mbele. Safu ikainuka. Raundi ya tatu hakuwa na pikipiki hata moja.

Alirudi kimya, nikadhani ni huzuni ya kufungwa.

Siku mbili baadaye nikampigia mama yangu Buyenzi. Wale mlio mbali na wazazi mnajua simu hiyo, ya kuuliza kama pesa imefika. Mama hakulalamika, kwa kuwa yeye hajawahi kulalamika. Alisema, "Imefika mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimenunua dawa za presha za wiki mbili, za wiki mbili nyingine nitanunua Mungu akijalia."

Nikauliza kwa nini wiki mbili. Akasema ndivyo pesa ilivyotosha.

Pesa ya mama inakaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la jikoni. Kila wiki naweka kitu, mwisho wa mwezi mama watoto anaitoa na kuituma. Mwezi ule alikuta imepungua, akafikiri mimi nimebanwa, akanistahi asiniulize. Mimi nikafikiri imetumwa kamili. Tulipokaa tukalinganisha, tulikuwa tumepungukiwa pauni 35. Tukatazamana. Kisha sote wawili tukageuka kutazama meza.

Kijana alipoulizwa hakukana. Alisema alikuwa ameona boksi moja limebaki dukani, akaogopa litaisha, akachukua akikusudia kurudisha pesa ya jirani ikija. Jirani akaugua, majani hayakukatwa. Alisema, "Nilidhani mwezi mmoja Bibi hatajua."

Neno hilo ndilo lililonipeleka kwenye mfuko wa takataka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia nitazitupa zote na hatacheza tena. Mama watoto alikuja akanishika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, unachelewa kazini. Zitupe kesho. Kesho bado zitakuwepo." Nikaweka sanduku juu ya friji, nikaondoka bila kumwaga mtoto.

Usiku ule nilibeba maboksi saa nane nzima nikiwa na hasira, na hasira ikifika saa tisa za usiku inachoka. Nikaanza kuhesabu mengine. Kwamba nami nilipokuwa dereva kijana nilimficha tajiri wangu mwenye pikipiki pesa ya safari mbili kila Jumamosi, na nilijiambia hatajua. Kwamba nikizitupa, dawa za mama hazirudi. Kwamba meza ile ndiyo mahali pekee ambapo mwanangu ananiambia kitu zaidi ya "nzuri".

Asubuhi nilimkuta amekaa ngazini na sare za shule. Nikamwambia mambo mawili. Pesa ya Bibi ilikuwa amana, nayo inarudi wiki hii, si mwezi ujao. Na atakayemwambia Bibi ni yeye, kwa mdomo wake, kwa Kiswahili.

La pesa alilitatua mwenyewe. Kwa mwenzake wa Necron kulikuwa na mdogo mtu aliyetaka kuanza mchezo. Aliuza pikipiki tatu. Nilidhani atauza zile za haraka haraka, alizopaka mwishoni. Aliuza tatu za kwanza, zile tulizojenga pamoja, ikiwemo yule mwenye tangi la kijivu, kwa sababu ndizo nzuri zaidi na ndizo zilizofika pauni 35. Nilitaka kumzuia. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

La simu lilikuwa gumu zaidi. Kiswahili chake kilimkwama katikati, akasema, "Bibi, mimi nilichukua... nilichukua dawa yako." Upande wa pili kukawa kimya mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Kisha mama akasema, "Nimesikia, mjukuu wangu. Umeshakula?"

Majira ya baridi yakapita hakucheza. Sikumkataza, alikuwa anakwenda klabu kutazama tu. Ikaja Ramadhani ya 2024. Usiku wa kuamkia 25, tumerudi tarawehe, nikiwa na likizo, nikamuuliza kama anajua siku hiyo ilitokea nini. Hakujua. Nikamwambia wale Wamongolia anaowapenda, wa kweli, waliingia Baghdad mwaka 1258 chini ya Hulagu wakaiangamiza, na khalifa wakamuua. Watu wakaamini kwamba hakuna anayeweza kuwashinda, kwa sababu walikuwa na mbio: kila mpanda farasi na farasi wa akiba kadhaa, wanapiga, wanakimbia, ukiwafuata wanageuka. Kisha Hulagu akarudi mashariki na sehemu kubwa ya jeshi baada ya Khan mkuu kufariki, akamwacha jemadari wake Kitbuqa na jeshi dogo zaidi. Na tarehe 25 Ramadhani mwaka 658 Hijria, ambayo ni Septemba 3, 1260, Wamamluki wa Misri wakakutana nao Ain Jalut, Palestina.

"Wakawashambulia katikati?" akauliza.

Nikamwambia hapana. Baybars alitangulia na kikosi, akawagusa, akakimbia. Wamongolia wakamfuata, kwa kuwa walimwona anakimbia. Sultani Qutuz alikuwa anasubiri vilimani na jeshi lake. Waliwafanyia Wamongolia mchezo wa Wamongolia wenyewe, na Kitbuqa hakutoka pale.

Alikaa kimya. Kisha akapanda chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Akashuka na pikipiki sita na futi, tukakaa sakafuni mpaka daku, sahani za futari ndiyo majengo, na mimi ndiye Necron.

Usiku ule niligundua jambo ambalo hata mwalimu wa klabu hakuwa amemwambia. Jeshi la namna hii si la kupigana. Pointi nyingi hazitolewi kwa kuua, zinatolewa kwa kushika vituo vilivyowekwa mezani. Pikipiki hazipiti kwenye kuta za magofu kama askari wa miguu wanavyopita, kwa hiyo ukiziingiza katikati ya majengo umezifunga mwenyewe. Zinataka pembeni, penye uwazi. Ukiwa na tisa unajiona tajiri, unazitumia ovyo. Ukiwa na sita huna hata moja ya kupoteza, unalazimika kuuliza kila zamu: hii nikiipeleka pale, itatokaje? Na ile ruhusa ya kujitoa kisha kushambulia tena, ambayo siku ya kwanza hakuitumia hata mara moja, ndiyo ilikuwa mali yake kubwa kuliko bunduki zote.

Baada ya Idi akaomba mechi ya marudiano. Mwalimu akaniruhusu nikae nyuma ya darasa. Mwenzake alipunguza jeshi ili walingane. Raundi ya kwanza mwanangu hakushambulia kabisa, akaacha tatu zionekane upande wa kushoto, tatu akazificha nyuma ya jengo. Necron wakaanza kutembea kushoto, inchi 5, inchi 5. Raundi ya pili tatu za kushoto zikawagusa, raundi ya tatu zikajitoa, na wale wa chuma wakazidi kuzifuata. Ndipo tatu zilizofichwa zikatoka, inchi 18, zikaketi kwenye kituo kilichoachwa nyuma. Mwenzake akaweka mikono kichwani. Mimi nilisimama, mwalimu akanitazama, nikakaa.

Alifungwa. Pointi 60 kwa 55. Raundi ya mwisho alichota vifungo saba kwenye kofia na vitano vilikuwa namba moja. Lakini zilibaki pikipiki mbili mezani, na njia nzima kurudi nyumbani, dakika arobaini kwa miguu kwa kuwa tulikataa basi, alikuwa anaongea. Zamu ile ningefanya hivi. Ile ya kulia niliitoa mapema. Unadhani Baybars aliogopa kwamba hawatamfuata?

Jioni hiyo akaomba simu yangu, akampigia Bibi kwa video, mwenyewe, bila kuambiwa. Akazipanga zote sita mbele ya kamera, akamweleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika inchi 12, inchi 18, radi nyekundu, vumbi la Gatumba. Mama alikuwa amevaa miwani, amesogeza uso mpaka tunaona paji tu. Mkiwa huko mnajua hali ya mafuta ilivyokuwa wakati ule, baba yake mdogo alikuwa na siku ya tatu kwenye foleni ya kituo, anapokezana na mwenzake kulala juu ya pikipiki.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sita? Na mafuta mnapata wapi?"